Nani Anamlipa Daktari wa Farasi wa Mbio?

Farasi wa mbio aliyekomaa ana uzito wa kilo 450 hadi 500, na anapokimbia kwa kasi yake yote, ambayo ni kilomita 60 kwa saa au zaidi, kuna nukta katika kila hatua ambapo mguu mmoja tu wa mbele ndio unaogusa ardhi. Katika nukta hiyo mguu huo, ambao chini ya goti ni mifupa, kano na ngozi tu, hubeba nguvu inayokaribia mara mbili na nusu ya uzito wa mwili mzima. Ninaanza na jambo hili kwa sababu fedha zote zinazozunguka katika mbio za farasi, ziwe za wenye mabanda makubwa, za wafugaji au za wanaocheza kamari, mwishowe hutua juu ya kifundo cha mguu huo.

Hapa Nakuru, na vilevile Kisumu na Kakamega, vijana wengi huzijua mbio za farasi kupitia skrini za maduka ya kamari, ambako farasi waliochorwa na kompyuta hukimbia kila baada ya dakika chache. Farasi hao hawachoki wala hawavunjiki. Farasi wa kweli hukimbia katika uwanja wa Ngong jijini Nairobi, uliofunguliwa mwaka 1954. Kaunti yetu nayo ina historia yake katika mchezo huu: Beryl Markham, ambaye wengi humkumbuka kwa kuruka na ndege peke yake kutoka Uingereza hadi Kanada mwaka 1936, alilelewa Njoro katika shamba la baba yake aliyekuwa akifundisha farasi wa mbio, naye akawa mwanamke wa kwanza nchini kupewa leseni ya kazi hiyo.

Mifupa ya farasi haivunjiki ghafla kama watazamaji wanavyodhani. Mara nyingi huwa imekwisha kupata nyufa ndogo ndogo kwa wiki au miezi kadhaa kabla ya siku ya ajali. Mfupa ni kiungo kilicho hai. Ukitwikwa kazi nzito hujirekebisha, lakini katika kujirekebisha mwili huanza kwa kuondoa sehemu iliyochakaa, kisha ndipo hujenga mpya, na kati ya hatua hizo mbili mfupa huwa dhaifu kuliko ulivyokuwa mwanzoni. Ujenzi huo huchukua miezi, nao hauharakishwi na sindano wala na fedha. Dalili za kipindi hicho ni ndogo: joto kidogo kwenye kifundo, uvimbe unaoisha jioni na kurudi asubuhi, hatua iliyofupika kwa kiasi ambacho saisi anayemtunza farasi kila siku ataiona na mtu mwingine hataiona. Wakati huo farasi anahitaji kupumzishwa. Akidungwa dawa ya kutuliza maumivu kwenye kiungo, atatembea vizuri, atakimbia vizuri, na ufa utaendelea kupanuka bila mtu yeyote kuonywa, kwa kuwa maumivu ndiyo yaliyokuwa onyo lenyewe.

Kwa nini basi mtu mwenye akili timamu, tena anayempenda farasi wake, amkimbize katika hali hiyo? Jibu liko kwenye mkondo wa fedha. Mwezi Februari 2006, katika mnada uliofanyika Florida, Marekani, farasi wa miaka miwili aitwaye The Green Monkey alinunuliwa kwa dola milioni 16, baada ya makundi mawili ya wamiliki wenye nguvu kuliko wote duniani kushindana bei. Alikimbia mara tatu katika maisha yake, hakushinda hata mara moja, na zawadi zake zote zilifika dola 10,440. Sikulitaja jambo hili ili kuwacheka walionunua. Linaonyesha kwamba fedha ya farasi wa daraja la juu haipo hasa katika zawadi za uwanjani, bali katika thamani ya dume baada ya kustaafu, ambapo majike huletwa kwake kwa malipo makubwa. Mmiliki anahitaji ushindi mmoja au miwili mikubwa, mapema iwezekanavyo, kisha farasi aende kuzalisha. Kwa hiyo farasi wachanga wa miaka miwili, ambao mifupa yao haijakomaa, huuzwa kwa mtindo wa kukimbizwa mbele ya wanunuzi huku saa ikihesabu. Mazoezi ya kadiri katika umri huo yanaweza kuimarisha mfupa, na mimi siyapingi. Ninachokipinga ni ratiba inayopangwa kwa kufuata tarehe ya mnada badala ya kufuata mfupa.

Uzalishaji nao umeingia mikononi mwa wachache. Mwaka 2020 chombo kinachosajili farasi wa mbio nchini Marekani kiliamua kwamba dume mmoja asipandishwe kwa majike zaidi ya 140 kwa mwaka, ili ukoo wa farasi usizidi kuwa finyu. Mashamba makubwa ya Kentucky yalikwenda mahakamani, na mwezi Februari 2022 kanuni hiyo ikafutwa.

Katika mabanda hali ni hiyo hiyo. Willie Mullins wa Ireland, ambaye amekuwa bingwa wa wakufunzi wa mbio za kuruka viunzi nchini kwake mwaka baada ya mwaka, mwaka 2024 alichukua pia ubingwa wa Uingereza, jambo ambalo mkufunzi wa Ireland hakuwa amelifanya tangu mwaka 1954. Mwaka uliofuata farasi wake walishika nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu katika Grand National, mbio maarufu kuliko zote za aina hiyo. Aidan O'Brien, naye wa Ireland, alishinda mbio 28 za daraja la kwanza katika mwaka mmoja wa 2017, na kufikia mwaka 2025 alikuwa ameshinda Derby ya Epsom, mbio maarufu za Uingereza, mara 11. Hawa ni wataalamu wa kweli, na haki lazima isemwe: farasi aliye katika banda kubwa kwa kawaida hupata njia nzuri za mazoezi, chakula kilichopimwa, mhunzi hodari wa kwato na daktari anayefika asubuhi ileile anapoitwa. Mtu anayedhani kwamba ukubwa wa banda peke yake ni ukatili hajatembelea mabanda madogo yenye madeni.

Hasara ya ukubwa imejificha mahali pengine. Katika banda lenye farasi mia mbili, farasi mmoja akichechemea, yupo mwingine wa kuchukua nafasi yake. Hilo ni jema kwake kama atapumzishwa, na ni baya kama atauzwa haraka kwa mtu asiyejua historia yake. Zaidi ya hayo, zawadi kubwa zinapokwenda kwa mabanda matano au sita kila msimu, mkufunzi mdogo hubaki akigombea makombo, na makombo hayo ndiyo yanayotakiwa kulipa hei, mishahara ya masaisi, chanjo na daktari. Mkufunzi wa namna hiyo hawezi kumpumzisha farasi miezi minne. Akimpumzisha, mmiliki ataacha kulipa au atamhamishia kwa mkubwa. Wahenga walisema bora punda afe, mzigo wa bwana ufike, na katika biashara hii bwana mwenyewe mara nyingi ni deni. Kwa hiyo mkubwa anasukumwa na thamani ya uzalishaji, mdogo anasukumwa na ada ya mwezi, na wote wawili hufika kwenye sindano ileile.

Kesi zilizofika hadharani zinathibitisha kwamba hata mali nyingi haimkingi farasi. Mwaka 2013 Mahmood Al Zarooni, mkufunzi wa Godolphin, kundi la farasi la mtawala wa Dubai, alifungiwa miaka 8 na mamlaka ya Uingereza kwa kuwapa farasi steroidi za kujenga misuli. Mwezi Februari 2020 farasi Maximum Security alifika wa kwanza katika mbio za kwanza za Saudi Cup, zenye zawadi ya jumla ya dola milioni 20. Siku chache baadaye mkufunzi wake, Jason Servis, alishtakiwa nchini Marekani katika kesi ya dawa zilizopigwa marufuku, na mwaka 2023 akahukumiwa kifungo cha miaka 4. Katika kesi kama hizi madaktari wa mifugo nao walishtakiwa. Kwangu mimi, niliyekula kiapo kilekile cha taaluma, hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Ndiyo maana swali ninalowaomba wasomaji waulize kabla ya mengine yote ni hili: ni nani anayemlipa daktari? Daktari akilipwa na mkufunzi, na mkufunzi huyo akiwa ndiye mwenye farasi wengi mjini, neno la kwamba farasi huyu asikimbie Jumapili linaweza kumpotezea riziki ya mwaka mzima. Hong Kong wamelitatua jambo hili kwa njia inayostahili kuigwa. Huko madaktari wanaowatibu farasi wa mbio ni waajiriwa wa klabu inayoendesha mchezo, idadi ya farasi ambao mkufunzi mmoja anaweza kuwaweka ina kikomo, na kumbukumbu za matibabu ya kila farasi hutangazwa ili mtu yeyote azisome. Farasi wa huko wana shida yao, kwani nafasi ya malisho ni finyu mno, lakini daktari ana uhuru wa kusema hapana.

Marekani walijifunza kwa uchungu. Katika uwanja wa Santa Anita, California, farasi 30 walikufa katika msimu mmoja ulioanza Desemba 2018 na kwisha Juni 2019. Mwishoni mwa mwaka 2020 ilipitishwa sheria ya kuunda mamlaka moja ya usalama wa mbio kwa nchi nzima, ambayo kanuni zake zilianza kutumika Julai 2022: madaktari wa uwanja humkagua kila farasi kabla ya mbio, sindano za viungoni zina muda maalumu wa kusubiri, na kila matibabu lazima yaandikwe. Mwaka 2009, hesabu ya kitaifa ilipoanza, walikuwa wakifa farasi 2 kwa kila farasi 1,000 walioingia mbioni. Mwaka 2024, katika viwanja vilivyo chini ya mamlaka hiyo, kiwango kilishuka hadi 0.90. Mifupa ya farasi haikubadilika katika miaka hiyo 15. Kilichobadilika ni nani mwenye neno la mwisho kabla ya lango kufunguliwa.

Kuna mateso mengine yasiyopigwa picha. Tumbo la farasi hutengeneza tindikali usiku na mchana, kwa kuwa ameumbwa kula nyasi kwa muda wa saa 16 hivi kwa siku, na mate yanayopunguza tindikali hiyo hutoka tu anapotafuna. Ukimfungia chumbani, ukampa nafaka nyingi mara mbili na nyasi kidogo, tindikali itakula ukuta wa tumbo. Uchunguzi wa kamera tumboni umekuta vidonda kwa idadi kubwa ya farasi wa mbio walio mazoezini, mara nyingi zaidi ya 8 kwa kila 10. Farasi anayeuma mlango wa chumba chake au kuyumba huku na huko siku nzima si mkaidi. Tiba ya kwanza ni kumpa nyasi zaidi, na katika kaunti inayolima nyasi za Boma Rhodes kwa wingi kama yetu hakuna sababu ya farasi kukosa cha kutafuna.

Nchini Kenya zawadi za mbio ni ndogo, na gharama haziepukiki. Ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na visubi na ambao pundamilia hubeba virusi vyake bila kuugua, unaweza kuwaua wengi wa farasi wasiochanjwa, kwa hiyo chanjo ni ya kila mwaka. Sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inamlinda farasi kama inavyomlinda punda wa mkokoteni. Isichompa ni karatasi za matibabu yake za kusafiri naye anapotoka uwanjani.

Mwaka jana tuliletewa farasi wa kahawia aliyekuwa akipandwa na watoto kwenye maonyesho na sikukuu. Alikuwa akiinua kichwa kila mguu wake wa mbele wa kushoto ulipogusa chini, na hiyo ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kuujua mguu unaouma, hata kwa punda wako nyumbani. Picha ya eksirei ilionyesha ufa wa zamani uliojiunga vibaya juu ya kifundo. Mwenye farasi, mzee mpole aliyemnunua kutoka kwa mtu aliyemnunua kwa mtu mwingine, alishangaa, maana hakuna aliyemwambia kwamba farasi huyo aliwahi kuumia. Tulimwandikia faili jipya, tukaacha wazi ukurasa wa miaka sita ya kwanza, na tukamwagiza asimpandishe mtu tena.