Tundu kwanza, nakshi baadaye

Kwenye meza za wauza vinyago hapa Lamu huvikosi viko vya kuvutia tumbaku: chenye kichwa cha simba, chenye uso wa mzee wa kilemba, chenye umbo la jahazi. Mkono uliovichonga ni hodari, hilo halina ubishi. Lakini chukua kimoja upulize. Hewa inatoka kwa taabu, au inatokea ubavuni mwa kichwa cha tumbaku badala ya kitakoni, na ukichungulia ndani unaona vanishi imetiririka ikagandia humo. Hicho ni kinyago chenye tundu. Bado si kiko.

Mimi ni fundi wa milango na masanduku. Viko viliingia karakana yangu kupitia wageni walioleta vyao vilivyovunjika shingo, na kila nilichokirekebisha kilinifunza kitu kabla sijachonga changu. Sivuti tumbaku wala simshawishi mtu avute. Madhara yake yanajulikana. Naandika kwa mafundi wenzangu wenye mkono mzuri wa nakshi ambao viko vyao vinanunuliwa mara moja kama ukumbusho, vikaenda kukaa kabatini Ulaya. Mvutaji wa kweli hanunui hivyo, na yeye ndiye anayerudi kuagiza cha pili.

Tuelewane majina. Bori ni kile kichwa kinachotiwa tumbaku, shilamu ni kipande cha mdomoni, na baina yao kuna shingo, ambayo hutoka kwenye mbao ileile ya bori.

Mbao yenyewe. Inayoaminiwa zaidi duniani ni ya briari, Erica arborea, na kinachotumika si shina wala tawi bali uvimbe ulio baina ya mzizi na shina. Huchimbwa kwenye vilima vya nchi za Mediterania kama Italia, Ugiriki na Algeria, ukakatwa mapande, ukachemshwa saa nyingi kutoa utomvu na tanini, kisha ukakaushwa polepole kwa miezi. Mji wa Saint-Claude kule Ufaransa umejipatia jina kwa viko vya mbao hii tangu miaka ya 1850. Mti huohuo unaota kwetu Mlima Kenya, juu ya msitu, ila huko ni hifadhi ya taifa na mizizi yake si ya kuguswa. Kwa hiyo naagiza mapande kutoka nje, na yakifika siyakati mara moja. Nayaacha karakanani yazoee hewa yetu ya chumvi na unyevu, maana mbao iliyokauka Italia ikifika Lamu wakati wa kusi huvimba kidogo, na tundu ulilotoboa siku hiyo halitakuwa hilohilo kaskazi ikivuma.

Na mbao zetu? Mbambakofi ni bora kwa mlango, lakini kila aliyeupiga msasa anajua vumbi lake linavyopigisha chafya. Vumbi la mvule linawasha ngozi na kubana kifua. Mwembe na mkorosho ni wa ukoo mmoja na utomvu wao unachubua. Moto ndani ya mbao hizo sitaki hata kuufikiria. Mpingo ni mzito na una mafuta, haunyonyi unyevu wa moshi, na vumbi lake nalo lina matata. Mimi naukata pete nyembamba ya kuweka mahali shingo inapokutana na shilamu, basi. Mzeituni unafaa, na una mistari mizuri. Mkwaju nautumia kufundishia umbo tu, ili mwanafunzi asiniharibie pande la briari.

Sasa tundu. Mimi hutoboa kabla ya kuchonga, pande likiwa bado mraba na linabanika vizuri kwenye jiriwa. Wako mafundi wanaofanya kinyume. Sixten Ivarsson wa Copenhagen, aliyewafungulia Wadenmark njia ya viko vya umbo huru, alichonga kwanza kwa kufuata mistari ya mbao ndipo akatoboa. Huyo alikuwa Ivarsson. Sisi tutoboe kwanza.

Njia ya hewa iwe ya milimita 3.5 hadi 4, itokeze katikati kabisa ya kitako cha bori. Ikitokeza juu zaidi, tumbaku ya chini haiungui, inabaki tope. Ikishuka chini ya kitako, majimaji yanakusanyika kwenye shimo hilo. Shimo la tumbaku milimita 19 au 20 kwa upana, kitako chake mviringo, si bapa. Ukuta wa bori usipungue milimita 6 popote. Chini ya hapo mkono unaungua na mbao inapasuka.

Mahali wengi wanapokosea ni pale ulimi wa shilamu unapoingia shingoni. Ulimi ukiwa mfupi kuliko tundu lake, panabaki uwazi mle ndani, moshi unapoa hapo, maji yanatuama, na kiko kinaanza kulia. Malio ni raha ya kiko cha maji cha wazee. Kwenye kiko kikavu ni ila. Pima kina cha tundu, pima ulimi, tofauti isizidi nusu milimita.

Upande wa mdomoni pana hesabu ndogo ambayo watu huiruka. Njia ya milimita 4 ina eneo la milimita za mraba kama 12.5. Shilamu inapokaribia mdomoni lazima iwe bapa, karibu milimita 4 tu kwa unene, kwa hiyo tundu la duara halitoshei. Unalipanua kwa ubavu liwe ufa: milimita 10 kwa upana na 1.25 kwa kimo, eneo ni lilelile. Ukiuacha ufa mdogo kuliko hapo, mvutaji anavuta kwa nguvu, moto unapanda, ulimi wake unaungua, na lawama anaitupia tumbaku. Tumia kijisumeno chembamba kisha tupa ya sindano, na ndani ya ufa usugue mpaka uzi wa kusafishia upite bila kukwama. Kiko ambacho uzi haupiti kutoka mdomoni hadi kitakoni siuzi, hata kiwe kizuri namna gani.

Hapo ndipo tunafika kwenye umbo, na mchonga milango inabidi asahau baadhi ya mazoea. Mlango unatazamwa kwa mbele. Kiko kinatazamwa kwa ubavu, kwa juu, kwa chini, na kinashikwa gizani. Uzuri wake ni mstari wa nje. Anza na umbo la kawaida kabisa, lile lililonyooka liitwalo bilyadi, ambalo urefu wa shingo unakaribiana na kimo cha bori. Linaonekana jepesi kuchonga, na halina pa kuficha kosa.

Kijana mmoja ninayemfundisha aliweka chake na changu mezani akaniuliza, "Fundi, mbona chako chepesi na mbao ni ile ile?" Nikamwambia, "Kishike dirishani, kisha usitazame mbao. Tazama mwanga unaoizunguka." Akaona mwenyewe. Kwenye kona ambapo bori linakutana na shingo alikuwa ameacha nyama. Karibu kila anayeanza huacha nyama hapo, juu na chini, kwa sababu tupa bapa haifiki na kwa sababu anaogopa kutoboka. Lakini umeshatoboa, unajua tundu liko wapi! Chora kwa penseli njia ya hewa ubavuni mwa pande kabla ya kukata, uone una mbao kiasi gani ya kuondoa. Kisha chukua tupa ya mviringo uingie konani mpaka shingo ionekane inachipuka kutoka kwenye bori, isiwe kama imebandikwa.

Kwa shingo yenyewe usikimbilie duara. Njia ni ile ya kuchonga mlingoti kutoka gogo la mraba: pande nne, kata pembe ziwe nane, kata tena ziwe kumi na sita, na duara litakuja lenyewe likiwa limenyooka. Ukianza kuviringisha kwa macho utapata shingo yenye tumbo. Chini ya bori pawe na mstari mmoja usiokatika, kutoka shingo hadi mbele. Wengi hupabapasha ili kiko kisimame mezani, na hapo umbo lote linauawa.

Shilamu ifungwe mahali pake wakati wa kupiga msasa. Shingo na shilamu zisuguliwe pamoja kama kitu kimoja, ukipitisha ukucha usihisi ngazi. Naanza na msasa namba 150, halafu 220, 320, 400, 600, na kwenye shilamu nafika 800 kwa maji. Kila namba nabadili mwelekeo, ili mikwaruzo ya namba iliyopita ijitokeze. Baina ya namba napangusa mbao kwa kitambaa kibichi. Nyuzi zinasimama, zikikauka nazikata kwa msasa unaofuata. Taa iweke ubavuni, si juu. Mkwaruzo usiouona leo, rangi itakuonyesha kesho.

Rangi ninayotumia ni ya ngozi, ile ya spiriti. Napaka nyeusi kwanza, bori zima, inatisha kidogo. Ikikauka naisugua kwa namba 400 mpaka itoke kwenye mbao ngumu na kubaki kwenye mistari laini tu. Juu yake napaka hudhurungi ya machungwa. Mistari iliyokuwa imelala inasimama wima, na yale madoa ya mviringo upande wa pili, yanayofanana na macho ya ndege, yanafunguka.

Na vanishi? Hapana. Najua imekwisha andaliwa kwenye kopo pale rafuni na inang'aa kwa dakika moja. Kwenye sanduku sina ugomvi nayo. Kwenye kiko, joto na unyevu vinatoka ndani ya mbao, vikikuta ngozi ya plastiki juu vinaiinua malengelenge. Nta ya nyuki nayo, tuliyoizoea, inayeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64, na muda mrefu kabla ya hapo imeshalainika. Bori la moto mkononi, kwenye jua la Lamu, linakuwa la kunata na kufifia. Nta ya karnauba, inayotoka kwenye majani ya mti fulani wa Brazili wa jamii ya mnazi, inayeyuka kwenye nyuzi 82 hadi 86. Tofauti hiyo ndiyo unayoilipia.

Karnauba ni ngumu, haipakwi kwa kidole. Inahitaji gurudumu la pamba kwenye mota. Mota ya kawaida ya mizunguko 1,400 kwa dakika na gurudumu la sentimita 15 vinatosha. Gurudumu la kwanza lina dawa ya kahawia ya kung'arishia, la pili nyeupe, la tatu nta peke yake, na usichanganye magurudumu. Gusa sehemu ya chini ya gurudumu linapokwenda mbali nawe, shika kwa mikono miwili. Likikamata ukingo wa juu, kiko kitakwenda kuvunjikia ukutani.

Briari mara nyingine huwa na vishimo vya mchanga ndani, na havionekani mpaka umeshachonga nusu. Hapo ndipo patasi zetu zina kazi: chonga uso wote kwa mikwaruzo midogo isiyozidi kina cha milimita moja, au zungusha mkanda mwembamba wa nakshi shingoni. Maua makubwa ya mlangoni kwenye bori yananikera. Hayakutungwa kwa duara dogo namna ile, na kila mchongo wa kina unakula ukuta.

Mkiletewa vya zamani kutengeneza, angalieni vile vya Arusha vyenye muhuri wa tembo. Ndani vina bitana ya mischamu, jiwe jeupe jepesi la bonde la Amboseli. Bitana hiyo usiikwangue kwa kisu kama unavyokwangua masizi ya briari. Futa tu kwa karatasi laini.

Shilamu ya ebonaiti, ule mpira mgumu mweusi, ikigeuka kijani-kahawia na kuwa na ladha ya kiberiti, ni jua limeitoa salfa iliyomo. Isugue kwa namba 800 na maji, kisha irudishe kwenye gurudumu jeupe, na viko vya kuuza usivipange dirishani. Ikikaza wakati wa kusi, paka ncha ya penseli kwenye ulimi. Ikilegea, nta kidogo. Mteja mwambie asiichomoe kiko kikiwa cha moto, kwani shingo nyingi ninazoletewa zimepasuka namna hiyo.