Kwa nini mandhari zangu za ziwa hazina tena mitumbwi

Wateja wangu wa siku nyingi wakifika karakana kwangu hapa Kirumba, Mwanza, huuliza: mitumbwi imeenda wapi? Kwa miaka mingi nilichora Jiwe la Bismarck, lile lililosimama ndani ya Ziwa Victoria, na wavuvi wa soko la samaki la Mwaloni, kwa uhalisia wa kuonyesha hadi mafundo ya nyavu. Picha zile bado nazipenda. Ila nilichokuwa nakitafuta ni uzito wa mawe, na macho ya watu yalikuwa yanaishia kwenye nyavu.

Mawe ya Mwanza ni graniti yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Graniti hiyo ilipasuka ikiwa bado chini ya ardhi, kwa nyufa za wima na za mlalo. Maji yakapenya humo, yakaozesha mwamba kandokando ya nyufa, udongo ukasombwa, na vile viini vigumu vikabaki vimekaa kimoja juu ya kingine. Kwa hiyo ninapobakiza mistari michache ya wima na mlalo, sijabuni kitu: nimerudi kwenye nyufa zenyewe. Mchoraji Mholanzi Piet Mondrian mwaka 1915 aliichora bahari kwa mistari mifupi ya namna hiyo, na mawimbi unayaona.

Bado naanzia ufukweni, kwa mkaa, nachora jiwe kama lilivyo. Asiyelijua jiwe hawezi kulipunguza. Kisha mchoro ule naugeuzia ukutani na kupaka rangi kwa kumbukumbu.

Cha kwanza kuondoka ni upeo wa macho. Mstari ule humwambia mtazamaji asimame wapi; ukiufuta, maji yanapanda hadi juu ya turubai na jiwe linamkaribia mno. Kijivu cha graniti sikitoi kwenye nyeusi. Nachanganya bluu ya ultramarini na kahawia ya udongo uliochomwa: bluu ikizidi jiwe linapoa, kahawia ikizidi linashika jua la saa kumi. Jiwe nalipaka kwa kisu, maji kwa brashi pana.

Viwili sivitoi kamwe. Kimoja ni michirizi myeupe ya kinyesi cha minandi, wale ndege weusi wanaozamia samaki, kwa sababu ndiyo mwanga mkali kuliko wote pale. Kingine ni ukanda mweusi wa unyevu jiwe linapokutana na maji. Ukanda huo ndio unaoonyesha ziwa limefika wapi, na sisi tuliokuwa hapa mwaka 2020, maji yalipopanda hadi kumeza fukwe, tunajua maana yake. Nikiukosea upana, picha nzima inaelea.

Kabla ya kusaini naipiga picha kwa simu, isiyo na rangi. Giza na mwanga visiposimama vyenyewe, rangi haitaokoa kitu.

Sasa nashughulika na magugumaji. Kijani chake ni bapa na kinameza kila rangi iliyo jirani, kwa hiyo natanguliza nyekundu chini yake, naiacha ichungulie kwenye kingo.