Usiniulize tarehe, niulize mita: safari ya majani mekundu Vermont

Kila ifikapo Julai simu yangu huanza kulia. Ni ndugu, jamaa na marafiki wa marafiki walioko Boston na Toronto, na mwaka huu hata mmoja wa Muscat. Swali lao ni moja: "Kaka, majani yanakuwa mekundu tarehe ngapi?" Nami hujibu kwa swali: unataka kulala mita ngapi juu ya bahari?

Nilisomea misitu Morogoro, na kwa miaka kumi na moja sasa naendesha wageni kwenye barabara za vijijini hapa Vermont, jimbo la kaskazini-mashariki mwa Marekani. Somo la mwinuko, hata hivyo, sikulipata darasani. Nilifundishwa na mama mmoja wa Tanga.

Ulikuwa mwaka wangu wa pili kazini. Nilipakia watu tisa kwenye gari, wikendi ya pili ya Oktoba, nikawapeleka kaskazini kabisa, Ziwa Willoughby, kwa sababu picha za huko ndizo nilizokuwa nimezipenda. Upepo ulikuwa umevuma siku mbili mfululizo. Tulipofika, mama yule, aliyekuja kumtembelea mwanawe, alishuka polepole, akajifunga kanga juu ya koti, akaitazama milima kimya. Kisha akanigeukia: "Mwanangu, umetuleta kutazama fagio za chelewa?" Sikuwa na jibu, maana ndivyo miti ilivyoonekana, vijiti vitupu vimesimama. Na siku hiyohiyo, kule chini kando ya Ziwa Champlain, tulikopita asubuhi, nusu ya miti ilikuwa bado kijani.

Wapo wanaoyaita majira haya vuli. Mimi sikubali. Vuli ni mvua, na mtu akiniambia vuli nasikia matone juu ya bati. Hapa nasema kupukutika tu.

Kinachoanzisha kazi yote ni urefu wa mchana. Mchana ukipungua, mti huanza kujenga ukuta mwembamba wa seli pale kikonyo cha jani kinaposhikana na tawi, na klorofili, ile rangi ya kijani, huvunjwavunjwa bila kutengenezwa nyingine. Njano ya mti uitwao birchi (birch) haiji wakati huo. Ilikuwamo ndani ya jani tangu lilipochanua Mei, imefunikwa na kijani tu. Nyekundu ya mti wa mepo (maple) ndiyo hutengenezwa papo hapo: sukari hubaki jani likiwa linazibwa njia, na mti huitumia kuunda anthosianini. Ndiyo maana njano hupatikana karibu kila mwaka, lakini nyekundu hutegemea hali ya hewa. Inataka mchana wa jua na usiku wa baridi usiofikia kuganda. Ukame mkali hulifanya jani likauke na kuanguka mapema, na wiki ya mawingu mazito huiacha nyekundu imefifia.

Waliokulia pwani wanalijua jambo hili kwa macho: jani la mkungu huwa jekundu kabla halijaanguka uwanjani. Na waliopita Tabora au Katavi Septemba na Oktoba wameona miombo ikiwa na rangi ya shaba na damu ya mzee, miezi ileile ambayo Vermont inawaka. Tofauti ni kwamba miombo inachipua kungoja mvua, wala haipukutishi. Majani machanga kule hubeba anthosianini, kama haya ya huku yanayokufa. Nikiwaeleza wageni wa Kimarekani habari hii, huwa hawaniamini mpaka niwaonyeshe picha.

Sasa mita. Rangi huanzia kaskazini na juu, ikashuka kuelekea kusini na chini. Mwisho wa Septemba ni zamu ya kaskazini-mashariki, eneo liitwalo Northeast Kingdom, pamoja na miinuko ya Green Mountains. Siku kumi au kumi na mbili za mwanzo wa Oktoba ni za miji ya katikati, kama Stowe na Waitsfield. Bonde la Champlain na pembe ya kusini, kuelekea Bennington, mara nyingi hungoja katikati ya mwezi. Mwaka mmoja huwahi, mwingine huchelewa, kwa hiyo mwenye tarehe moja na mji mmoja anacheza bahati nasibu.

Ushauri wangu ni huu: lala Burlington, au Winooski jirani yake, ambako Kiswahili cha Wakongo na Warundi utakisikia dukani. Uko karibu na usawa wa ziwa, ambalo liko kama mita thelathini tu juu ya bahari. Asubuhi uamue: majani ya chini yakiwa kijani, panda, ya juu yakiwa yamekwisha, shuka. Mzunguko ninaoupenda unaanza Burlington kwenda Jeffersonville, unapanda Smugglers' Notch, pengo la kupitia mlimani, kwa barabara ya 108 hadi kama mita 660, unateremkia Stowe na Waterbury, unashika barabara ya 100 hadi Waitsfield, halafu unavuka tena mlima kwa barabara ya 17 kurudi upande wa ziwa kupitia Bristol. Haufiki kilomita 200, lakini upe siku nzima. Kwa siku hiyo moja umepita kila hatua ya rangi, na lazima mojawapo iwe imeiva.

Pale Notch barabara hujipinda kati ya majabali makubwa kama nyumba, nyembamba kiasi kwamba malori marefu yamekatazwa, na bado kila mwaka kuna linalonasa. Huwa napita kabla ya saa tatu asubuhi. Waitsfield simama kwenye daraja la mbao lenye paa, la mwaka 1833. Watu hudhani paa ni urembo. Lilijengwa kukinga boriti zisioze kwa mvua na theluji, na zamani majira ya baridi wenyeji walilazimika kumwaga theluji ndani ili sleji, magari ya kuteleza juu ya theluji, zipite.

Epuka wikendi ya Jumatatu ya pili ya Oktoba. Ni sikukuu Marekani, na siku hiyohiyo Wakanada wana sikukuu yao ya shukrani, na mpaka uko kiasi cha kilomita 70 tu kutoka Burlington. Vyumba hupanda bei, na vingi havitolewi kwa usiku mmoja. Jumanne na Jumatano barabara ni yako.

Manyunyu yasikuzuie. Magome yakilowa huwa meusi na rangi huruka mbele. Adui ni upepo. Kwa picha, simama jani likiwa kati yako na jua. Jaza mafuta mjini, kwa sababu sheli ni chache milimani, na pakua ramani kwenye simu maana mtandao hukatika. Jioni punguza mwendo: ni msimu wa kupandana wa musi, mnyama wa jamii ya kulungu mwenye kimo cha farasi, mweusi kama lami, na macho yake yako juu ya taa za gari.

Na shamba ni la mtu. Pomfret, mwaka 2023, barabara moja ya vumbi ilifungiwa wasio wakazi kwa wiki kadhaa za msimu, baada ya wapiga picha kuegesha hovyo na kuingia kwenye viwanja vya watu.

Ukichelewa kabisa usirudishe tiketi. Mwisho wa Oktoba, mepo ikiwa imebaki vijiti, mialoni ya kusini huwa na rangi ya kutu, na kwenye vinamasi vya Kingdom tamaraki hugeuka dhahabu. Ni jamaa ya msonobari, lakini humwaga sindano zake zote. Piga simu kwanza ujue kama nyumba ya wageni iko wazi. Nyingi hufunga Novemba hadi theluji ianguke.