Hela ya Mfuko Dukani: Nani Kaipanga, na Una Haki Gani?

Kuna lalamiko linalofika kwenye dawati letu la elimu kwa mlaji ambalo kifedha ni dogo kuliko yote, na ndilo linaloletwa kwa hasira kuliko yote. Mteja kanunua sukari, mafuta na sabuni. Keshia kavitia kwenye mfuko wenye nembo ya duka bila kuuliza. Risiti imekuja kusomwa nyumbani, na chini ya sabuni pana mstari wa ziada: mfuko, shilingi 500. Anayelalamika huwa na swali moja: si ni serikali iliyosema tulipe?

Hapana. Kanuni za mwaka 2019, zilizoanza kutumika Tanzania Bara tarehe 1 Juni mwaka huo, zilipiga marufuku kutengeneza, kuingiza nchini, kuuza na kutumia mfuko wa plastiki wa kubebea bidhaa. Hazikupanga bei ya mfuko mbadala, na hazikumwagiza mwenye duka akutoze. Hazikumlazimisha akupe bure pia. Ile mia tano ni bei ya bidhaa, sawa na bei ya kiberiti: kaipanga mwenye duka, na hela inabaki kwake. Si kodi wala tozo ya mazingira, ingawa nimewahi kusikia keshia akimjibu mteja kwa ujasiri kabisa kwamba "hiyo ya NEMC", yaani baraza la taifa la mazingira.

Mkanganyiko huo una asili yake, kwa sababu zipo nchi ambako hela ya mfuko kweli imepangwa na serikali. Ireland ilianza tarehe 4 Machi 2002 kwa senti 15 za yuro kwa kila mfuko wa plastiki. Duka la huko haliruhusiwi kuibeba tozo hiyo kimyakimya. Lazima limtoze mteja na liionyeshe kwenye risiti, kisha fedha ziende serikalini kwa ajili ya kazi za mazingira. Kabla ya tozo, mtu mmoja alikadiriwa kutumia mifuko 328 kwa mwaka, na baada yake idadi ikaporomoka hadi 21. Matumizi yalipoanza kupanda tena, mwaka 2007 wakaiongeza hadi senti 22. England walichagua njia ya katikati. Tangu tarehe 5 Oktoba 2015 sheria iliyalazimisha maduka makubwa kutoza angalau peni 5, na tarehe 21 Mei 2021 kiwango kikawa peni 10 kwa maduka yote, lakini fedha hizo si kodi. Duka linazishika lenyewe na linatarajiwa kuzipeleka kwenye shughuli za hisani. Afrika Kusini nako, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, tozo hukatwa mapema kwa mtengenezaji, na mteja anakutana nayo ikiwa imeshayeyuka ndani ya bei ya mfuko. Mwanzoni matumizi yalishuka. Baadaye watu wakazoea, na mifuko ikarudi kupanda.

Tofauti ya Ireland na Afrika Kusini inatufundisha jinsi hela hii inavyofanya kazi. Haifanyi kazi kwa sababu ni kubwa. Inafanya kazi pale mteja anapoiona na kuulizwa kabla hajalipa. Mtafiti wa uchumi Tatiana Homonoff aliwachunguza wateja wa maduka ya eneo la jiji la Washington, Marekani, ambako maduka mengine yaliwapa punguzo la senti 5 waliokuja na mifuko yao, na kwingine wateja walitozwa senti 5 kwa kila mfuko waliochukua. Kiasi ni kilekile. Punguzo halikubadilisha karibu chochote, lakini tozo iliwafanya wateja wengi waache kuchukua mifuko. Binadamu haumwi sana na senti 5 alizokosa kupewa, ila zikichomolewa mfukoni mwake anazisikia. Kwa hiyo keshia anayetia vitu kwenye mfuko wa duka bila kuuliza, halafu bei ikajificha kwenye risiti, anaua lile jambo lenyewe lililoipa hela hii maana. Kinachobaki hapo ni biashara ya mifuko.

Wapo wanaokumbuka enzi za rambo, ile mifuko ya plastiki, kwa uchungu: zamani mbona tulipewa bure? Hazikuwa bure. Mwenye duka alizinunua kwa bando, na gharama akaitandaza kwenye bei ya unga na sukari. Aliyekwenda dukani na kikapu chake cha ukindu alimlipia mwenzake aliyekuja mikono mitupu, ila hakujua. Kwa upande huo naona bei iliyo wazi ni ya haki zaidi, mradi iwe wazi kweli.

Sasa haki zako. Kwa kuwa mfuko ni bidhaa, una haki ya kuukataa na kuondoka na vitu vyako mkononi au kwenye mfuko uliokuja nao. Una haki ya kuambiwa bei kabla haujaingizwa kwenye hesabu. Ukishaununua, unapaswa kuonekana kwenye risiti ya EFD, mashine ya risiti za kodi, kama bidhaa nyingine, kwa hiyo duka linalochukua mia tano ya mfuko pembeni, taslimu, bila kuiingiza kwenye mashine, linakukosea wewe na linaikosea TRA, mamlaka ya mapato. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, na kumwambia mtu kwamba bei ya duka ni amri ya serikali ni upotoshaji.

India suala hili limefika mbali zaidi. Mwaka 2019 baraza la walaji la Chandigarh liliiamuru kampuni ya Bata imlipe fidia mteja aliyetozwa rupia 3 kwa mfuko wa karatasi uliokuwa na tangazo la kampuni hiyo. Hoja yake ilikuwa nyepesi kuielewa: mnanitoza ili nitembee mjini nikiwatangaza. Mwaka 2020 tume ya taifa ya walaji ya huko ikasema kumshtukiza mteja na bei ya mfuko akiwa ameshafika mahali pa kulipia ni mwenendo usio wa haki. Maamuzi hayo hayalifungi duka la Dar es Salaam au Mwanza, ila yanaonyesha kwamba ugomvi mkubwa hauko kwenye kiasi bali kwenye kushtukizwa.

Nakuja kwenye mfuko wenyewe, kwa sababu hapa ndipo mlaji anapopunjwa zaidi. Ile mifuko laini ya rangi rangi tunayoiita ya kitambaa si kitambaa. Ni nyuzi za polipropilini zilizogandishwa pamoja kwa joto, yaani ni plastiki. Uangalie kwa karibu utaona vidoa vidogo vilivyobonyea, vimepangwa kwa mistari. Hapo ndipo nyuzi zilipobanwa. Kiwango kinachotakiwa nchini ni uzito usiopungua gramu 70 kwa mita moja ya mraba, na ndiyo maana mingine imeandikwa GSM 70. Ulio chini ya hapo mara nyingi unaujua bila mizani: uinue kwenye mwanga, ukiona kivuli cha vidole vyako na mshikio umebandikwa juu juu tu, huo utakatika kabla hujafika kituo cha daladala. Kenya, iliyopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, ilifika mahali NEMA, mamlaka yake ya mazingira, ikatangaza mwaka 2019 kuizuia hata hii mbadala, kwa sababu ilikuwa dhaifu na watu waliitupa baada ya safari moja.

Idadi ya safari si jambo dogo. Utafiti wa Wakala wa Mazingira wa England uliochapishwa mwaka 2011 ulikadiria kwamba mfuko wa polipropilini wa aina hii unapaswa kutumika mara 11 ndipo athari yake kwa tabianchi iwe sawa na ule mwembamba wa plastiki uliotumika mara moja. Wa pamba unahitaji mara 131. Ukinunua mpya kila Jumamosi, hujayasaidia mazingira, na kwa bei ya mia tano umeshatumia elfu 26 kwa mwaka.

Gengeni hali ni tofauti, na sipendi tuitazame kwa jicho la supamaketi. Mama anayeuza fungu la nyanya kwa shilingi mia tano hawezi kumtoza mteja mia mbili ya mfuko. Ndiyo maana vile vifungashio vyembamba visivyo na mshikio, vilivyoruhusiwa kwa ajili ya kufungashia bidhaa, vimegeuzwa kuwa vibebeo, kinyume cha kanuni. Kanuni zinaweza kumtoza mtumiaji faini ya kuanzia shilingi 30,000. Ukienda sokoni na kikapu unamwondolea mama huyo gharama, na hata unaweza kumwomba nyongeza ya nyanya moja.

Kama umetozwa bila kuambiwa, anza na meneja wa duka siku hiyohiyo. Wengi hurudisha hela bila ubishi, maana kiasi ni kidogo na foleni inasikiliza. Akikataa, peleka nakala ya risiti Tume ya Ushindani, FCC. Zanzibar ina sheria na taasisi zake, na malalamiko ya huko yapelekwe huko. Ikiwa tatizo ni mfuko uliochanika, taarifa iende TBS, shirika la viwango, au NEMC, na uende na mfuko wenyewe pamoja na jina la duka ulikonunua, kwa kuwa bila mfuko hakuna cha kupima.