Mwacheni Mzee Ainuke: Maswali na Majibu

Mazoezi kwa mzee ni yepi hasa?

Ni kuupa mwili kazi mpaka pumzi iende mbio kidogo: kutembea, kufagia uwanja, kupalilia. Shirika la Afya Duniani linashauri mwenye miaka 65 na zaidi apate angalau dakika 150 kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano, pamoja na mazoezi ya nguvu za misuli na ya kumzuia asiyumbe.

Lakini si mzee anatakiwa apumzike?

Hapana. Sisi wa hospitali tunayaona haya Pemba kila mwezi. Bibi kapata homa, kalala wiki. Homa imeondoka, watoto wanamwambia, "Usiinuke bibi, tutakuletea." Chai analetewa, maji ya udhu analetewa, haja ndogo ndooni. Baadaye wanatuletea amebebwa juu ya kiti cha plastiki, mapaja yamesinyaa, visigino vina vidonda, na wanatuuliza ni maradhi gani yaliyomvunja miguu. Miguu ile ilipanda mikarafuu! Kilichommaliza ni kuwekwa kitandani bila kuinuka. Nasema tena: homa ikishapoa, bibi ainuliwe.

Hata mwenye presha na sukari?

Huyo hasa. Msuli ukifanya kazi hunyonya sukari kwenye damu, na kutembea kila siku husaidia kushusha presha. Dawa asiache. Anayejidunga insulini awe na tende mfukoni, ale sukari ikishuka mno. Na avae viatu vinavyofunga mguu. Ndara zilizolika zinatuletea majeruhi wengi.

Magoti yanamuuma, je?

Goti linabebwa na misuli ya paja, na misuli isiyotumika hulegea, goti likazidi kuuma. Chukueni kiti kigumu, kiegemezeni ukutani. Ainuke na kukaa mara tano, asubuhi na jioni, bila kujisukuma kwa mikono kama anaweza. Siku zikienda afike kumi. Kisha ashike meza, asimame kwa mguu mmoja mkihesabu hadi kumi, mtu akiwa ubavuni pake. Maumivu kidogo si hatari. Goti likivimba au likiwa la moto, mleteni tulitazame.

Ameshaanguka mara moja. Si bora akae tu?

Hapana, hapana! Akiwa hawezi kukanyaga, au mguu umepinda au umefupika, msimchue kwa mafuta, msingoje kesho. Hospitali leo hii. Ikiwa hakuvunjika, atembee mapema, hata kwa mkongojo. Anayekaa kwa hofu ya kuanguka hupoteza nguvu, na huyo ndiye anayeanguka tena.

Lini asite?

Kifua kikibana, pumzi ikikatika kupita kawaida, kizunguzungu, jasho la baridi. Akae chini, na aletwe hospitali saa hiyo hiyo. Msiseme ni gesi, mkampa tangawizi mkalala.

Sisi watoto tumsaidieje?

Kwa kupunguza kumfanyia. Najua mnampenda na mnaogopa maneno ya majirani. Lakini mwacheni achote mwenyewe maji ya udhu, aende msikitini kwa miguu mjukuu akiandamana naye, apete mchele wake. Wekeni taa njia ya chooni na ondoeni mkeka unaokunjika mlangoni. Na chai yake iwekeni mezani, aifuate.