Spika za nyuma zisizosikika si spika mbovu

Kauli ninayoisikia zaidi ninapoitwa kuangalia seti za spika majumbani, iwe Mji Mkongwe au Mbweni, ni kwamba spika za nyuma hazifanyi kazi, kwa sababu mwenyewe ametazama taarifa ya habari na kusikiliza taarab usiku kucha bila ya kuzisikia. Aghlabu ameshazipandisha hadi mwisho kabla sijafika, na sasa malalamiko yake ni kuwa filamu zinampigia kelele kisogoni.

Spika hizo hazikuwekwa ili zisikike muda wote. Taarab iliyorekodiwa kwa stirio ina chaneli mbili tu, za spika mbili za mbele, na hata katika filamu ya 5.1, yaani ya spika tano na sabufa (spika ya besi) moja, mazungumzo mengi hutoka spika ya kati, ilhali za nyuma hubeba upepo, mwangwi wa mahali na vitu vinavyopita. Risiva nyingi, yaani mashine zinazozigawia spika sauti, zina mpangilio wa kurudia stirio katika spika zote. Unafaa harusini, lakini haumthibitishii mtu chochote. Kinachothibitisha ni diski ya majaribio, ambayo hupeleka mvumo, mfano wa mvua juu ya bati, katika spika moja baada ya nyingine. Ikiwa kila moja imevuma kwa zamu yake na mahali pake, waya hazikukatika wala hazikubadilishana. Baada ya hapo kaa pale unapokaa siku zote, shika kipimo cha desibeli usawa wa masikio, kikiwa kwenye mpangilio wa C (unaohesabu besi pia) na mwendo wa polepole, kisha rekebisha kila spika kupitia risiva mpaka zote zisome kiwango kimoja. Kiwango cha desibeli 75 ndicho kinachotumika sana. Programu ya simu inatosha kulinganisha spika kwa spika, ila usiiamini kwenye besi. Kusawazisha kwa sikio mimi hukataa kabisa, kwani kila aliyemo chumbani atavutia upande wa kiti chake.

Wapo pia wanaoamini kwamba diski ikishachezwa mara moja, seti imejirekebisha. Diski haibadilishi kitu. Kazi ya remoti ni yako.

Wengine hudai kuwa waya mwekundu na mweusi ni mamoja, almuradi sauti inatoka. Si mamoja hata kidogo. Diski ikipeleka mvumo uleule katika spika mbili za mbele, unapaswa kusikika katikati yao, kana kwamba unatoka hewani. Waya za spika moja zikigeuzwa, mvumo hutawanyika usijulikane unakotoka, na besi hufifia. Kagua jambo hili kabla ya kupima desibeli.

Imani ya mwisho ni kwamba besi ikivimba dawa yake ni zulia na mapazia. Vyumba vingi vya nyumba za zamani za Mji Mkongwe ni vyembamba, kwa kuwa upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko, na kuta mbili zilizoachana kwa mita 3 huvimbisha sauti ya karibu na hezi 57, yaani mitetemo 57 kwa sekunde, ambayo ni besi. Mapazia hupunguza mwangwi wa sauti nyembamba, lakini besi hiyo huyapita. Cheza sauti nzito za diski zinazopanda taratibu, iondoe sabufa kwenye kona ya chumba, uisogeze kidogo kidogo kufuata ukuta, ukisikiliza kutoka kitini ni wapi mvimbo unapungua.