Wazigi wa Bahari Nyeusi na asili ya Wacherkesi

Anayesoma maisha ya Bibi Salme, binti wa Sayyid Said wa Unguja, hukutana na mama yake, Jilfidan, suria wa Kicherkesi. Asili ya Wacherkesi ni Kaukasi, nchi ya milima kati ya Bahari Nyeusi na Bahari ya Kaspi, pamoja na pwani ya kaskazini mashariki ya Bahari Nyeusi. Je, watu waliokaa pwani hiyo zama za Warumi ndio wazee wao?

Strabo, Mgiriki aliyeandika jiografia yake yapata miaka 2,000 iliyopita, anawataja huko Wazigi, Waakei, Waheniochi na Wakerketi. Riziki yao ilikuwa uharamia. Mashua zao, zilizoitwa kamara, zilikuwa nyembamba na nyepesi, zikichukua watu wapatao 25. Kwa kuwa kwao hakukuwa na bandari, wakirudi walizibeba mabegani hadi msituni walikoishi. Msimu ukifika, huzishusha tena majini. Mateka waliwarudisha kwa fidia.

Wengi hukimbilia Wakerketi: Kerketi, Cherkesi, si jina lile lile? Mimi huwaambia wasiende mbio. Cherkesi ni jina la kupewa na majirani; wenyewe hujiita Adighe. Sisi wa pwani tunalijua hilo, maana hata "Swahili" limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya pwani.

Uzito zaidi uko kwa Wazigi, kwa sababu jina lao halikukatika. Katika karne ya 10 mfalme wa Bizanti (dola ya Warumi wa mashariki), Constantine wa Saba, bado anaitaja nchi ya Zikia. Kisha mwaka 1502, kule Venice, kikachapwa kitabu kidogo cha Giorgio Interiano, msafiri wa Genoa. Anaandika kwamba Waitalia, Wagiriki na Walatini huwaita watu wa nchi hiyo Wazikhi, Watatari na Waturuki huwaita Wacherkesi, nao kwa lugha yao hujiita Adiga. Majina matatu, watu wale wale.

Hata hivyo jina likidumu si lazima damu ibaki ile ile. Karne 15 zilipita, na makabila ya wavamizi, Wagothi, Wahun na Watatari, yakapita nazo. Tena Wameoti, watu wa kale wa bonde la mto Kuban kaskazini ya Kaukasi, nao huhesabiwa katika ukoo huu. Kwa hiyo nasema Wazigi ni miongoni mwa wazee wa Wacherkesi, sio wazee peke yao.

Pwani yenyewe ilibaki karibu tupu mwaka 1864, Warusi walipowafukuza wenyeji kuelekea dola ya Uthmaniya. Leo Waadighe wengi wako Uturuki, na wengine Jordan na Syria.